Mawese kwenye chakula cha broila: piga hesabu ya nishati kabla hujamimina

Hapa Kigoma swali la mawese kwenye chakula cha kuku wa nyama haliishi. Wakikutana wafugaji wawili watatu, iwe Mwandiga, Gungu au kule Ujiji, lazima atokee mtu aulize, eti nikiweka mawese kuku wanawahi kujaa? Niweke lita ngapi kwa gunia? Na majibu ni ya kila aina, huyu anasema lita moja, huyu anasema usiweke kabisa yanaharisha, mwingine anakwambia yeye anamimina tu mpaka chakula kibadilike rangi. Nimeamua niandike kwa kirefu kwa sababu naona watu wanapoteza hela kwenye hili jambo na hela yenyewe si unajua inavyopatikana, mtu kakopa kwenye kikoba kachukua vifaranga 200, akikosea chakula tu wiki ya 5 inafika kuku hawajafika uzito na mwenye mgahawa kashaenda kuchukua kwingine.

Msimamo wangu nauweka mapema: mawese yanamfaa sana broila, ila sio kitu cha kwanza kufikiria. Kwenye mabanda mengi ya huku kwetu tatizo ni pumba zimezidi, na mtu anaenda kununua mafuta ili yarekebishe kitu ambacho angeweza kukirekebisha kwa kutoa pumba. Mafuta yana nafasi yake na nitaionyesha, lakini hiyo nafasi iko mwishoni mwa hesabu.

Tuanze na nishati maana ndio mzizi wa yote. Nishati ya chakula inapimwa kwa kilokalori, wengi tunaita kalori tu, na kwenye kuku tunasema kalori ngapi kwa kilo moja ya chakula. Sasa sio nishati yote iliyomo kwenye chakula inamfikia kuku. Pumba ukizichoma moto zinatoa joto ambalo halipishani sana na la mahindi, ila tumboni mwa kuku ni habari mbili tofauti, wanga wa mahindi unameng'enywa karibu wote wakati nyuzinyuzi za pumba zinapita tu na kutokea kwenye kinyesi. Kwa hiyo namba tunazotumia ni za ile nishati inayobaki kwa kuku baada ya kutoa iliyotoka kwenye kinyesi na mkojo. Kwa hesabu hiyo mahindi yana kama 3,350 kwa kilo, mashudu ya soya kama 2,300, dagaa kama 2,800, makopa ya muhogo yaliyokauka vizuri karibu 3,000. Pumba za mahindi zinabadilikabadilika sana kutegemea mashine, nyingine zina unga mwingi nyingine ni maganda matupu, hapa nitatumia 2,300. Halafu mawese, haya yanakwenda kama 7,700 kwa kuku aliyeshakua. Yaani kilo moja ya mawese ina nishati ya zaidi ya kilo mbili za mahindi, na ndio maana watu wanayapenda.

Upande wa pili ni kuku anataka nini. Broila wa leo chakula chake cha stata, yaani cha kuanzia, kinatakiwa kiwe kwenye 3,000 hivi na protini kama asilimia 22, growa, cha kukuzia, kama 3,100 na protini 20, finisha, cha kumalizia, 3,200 na protini 18 kwenda juu kidogo. Ukiangalia hizo namba unaona nishati inapanda huku protini inashuka, kifaranga anajenga misuli kwa kasi na anakula kidogo kwa hiyo kila tonge liwe na protini ya kutosha, mkubwa ana mwili mzito wa kuutunza na huo unakula nishati.

Sasa tuchukue growa ya kuchanganya nyumbani, kilo 100. Mahindi 62, mashudu ya soya 30, dagaa 4, na kilo 4 zinazobaki ni chokaa, DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi), chumvi na premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini. Mahindi 62 mara 3,350 ni 207,700. Soya 30 mara 2,300 ni 69,000. Dagaa 4 mara 2,800 ni 11,200. Hizo kilo 4 za madini hazina nishati. Jumla 287,900, gawanya kwa 100 unapata kama 2,880 kwa kilo, na protini inakuja kama 20.7. Hapo hatujaweka tone la mafuta na tayari tuko 2,880. Ukitoa kilo 3 za mahindi ukaweka kilo 3 za mawese, nishati inapanda kwa 130 tunafika 3,010. Ni ongezeko zuri.

Sasa angalia kinachofanyika mitaani. Mahindi yamepanda bei, mtu anatoa kilo 27 za mahindi anaweka kilo 27 za pumba, kwa hiyo mahindi yanabaki 35. Kila kilo iliyobadilishwa imeondoka na kalori 1,050, mara 27 ni 28,350, chakula kimeshuka kutoka 2,880 hadi karibu 2,600. Kuku hawaongezeki uzito, anaambiwa weka mawese. Je, anahitaji kiasi gani kurudi pale alipokuwa? Kila kilo ya mawese inayochukua nafasi ya pumba inaongeza 5,400, kwa hiyo 28,350 gawanya kwa 5,400 ni kilo 5 na robo. Kilo 5 na robo za mawese kwa kila kilo 100 za chakula, ili tu arudi alipokuwa kabla hajaweka pumba, bado hata hajapanda. Na huo wingi kwenye chakula cha unga usiopigwa punje ni shida nyingine, kinashikana, kinaganda kwenye vyombo. Mimi hii hesabu ndio inaniuma zaidi, kwa sababu yule mtu alidhani amebana matumizi.

Na asipoweka mafuta je? Kuku anajitahidi kula zaidi ili afidie. Kutoka 2,880 kwenda 2,600 anatakiwa ale karibu asilimia 11 zaidi kupata nishati ile ile. Broila anayetunzwa vizuri mpaka wiki ya 5 anakula kama kilo 3 na nusu, asilimia 11 ni gramu 385, kwa kuku 200 ni kilo 77 za chakula cha ziada. Hapo ni kama tumbo linaruhusu, na kwa vifaranga haliruhusu, gole linajaa pumba anaacha kula akiwa bado hajatosheka nishati, kwa hiyo hafidii kitu, anadumaa tu.

Mafuta yanavuta protini

Hapa ndipo pagumu na ndipo ninapoomba msome polepole. Mawese hayana protini hata kidogo, ni sifuri. Hayana chokaa, hayana lisini wala methionini, vile viungo vya protini ambavyo kuku lazima avipate kwenye chakula. Ni nishati tupu. Na kuku kwa kiasi fulani anakula kufuata nishati, yaani nishati ikitosha anapunguza kula. Broila wa sasa hafuati hiyo kanuni kwa ukamilifu kama kuku wa mayai, amechaguliwa kizazi kwa kizazi kwa sababu ya ulafi wake, lakini bado anaifuata kiasi.

Chukua kuku anayekula gramu 150 kwa siku za chakula chenye 2,800, anapata kalori 420. Ukampandishia chakula hadi 3,100 kwa kumimina mafuta, zile 420 anazipata kwenye gramu 135. Kama protini ilikuwa asilimia 20, mwanzo alikuwa anapata gramu 30 za protini sasa anapata 27. Umemnyima protini bila kujua, pamoja na vitamini, madini, na dawa ya kinga ya koksidia (ugonjwa wa kuhara damu) kama iko kwenye premiksi, vyote vimepungua kwa asilimia 10. Misuli haijengwi kwa nishati bila protini. Ile nishati iliyokosa protini ya kushirikiana nayo haipotei, inahifadhiwa kama mafuta ya tumboni. Na kama kuku hakupunguza kula, akaendelea na zile gramu 150, basi anapata nishati ya ziada juu ya mahitaji na inaishia pale pale tumboni.

Utayaona siku ya kuchinja. Ukimpasua unakuta donge la njano limezunguka firigisi na limeshuka mpaka karibu na tundu la haja, laini, linateleza mkononi. Kidogo ni kawaida, kwenye broila mzima linaweza kuwa kama asilimia 2 ya uzito wake, lakini likiwa linajaa kiganja kwa kuku mmoja baada ya mwingine basi ujue umetengeneza mafuta badala ya nyama. Na kutengeneza mafuta ni ghali, gramu moja ya mafuta ya mwilini inabeba kalori kama 9 wakati gramu ya nyama sehemu kubwa ni maji, kama robo tatu hivi, kwa hiyo kwa chakula kile kile unapata uzito mwingi zaidi ukijenga nyama. Tena lile donge mteja analitupa.

Kipimo rahisi cha kujua kama umevuka ni kugawanya nishati kwa asilimia ya protini. Stata 3,000 kwa 22 ni kama 136. Growa 3,100 kwa 20 ni 155. Finisha 3,200 kwa 18 ni kama 178. Ukipandisha nishati hakikisha protini inapanda nayo ili hiyo namba isikimbie.

Kigoma tuna mtego wetu wenyewe hapa, nao ni muhogo. Kuanzia Kasulu mpaka Kibondo na Kakonko muhogo upo, ni nishati nzuri na mara nyingi ni rahisi kuliko mahindi. Lakini protini yake ni 2 hadi 3 tu wakati mahindi yana 8 na nusu. Sasa mtu anaweka makopa yaliyosagwa kilo 30 badala ya mahindi, halafu kwa kuwa unga wa muhogo una vumbi anaongeza mawese kilo 5 kupunguza vumbi, wazo ambalo kwenye vumbi ni sahihi kabisa. Tupige hesabu kwenye ile growa yetu. Nishati: muhogo unashusha 105, mawese yanapandisha kama 217, tunafika 2,990, inapendeza. Protini: muhogo umeondoka na 1.8, mawese yameondoka na 0.4, kutoka 20.7 tumebaki na 18.5. Gawanya, 2,990 kwa 18.5, unapata 162. Kuku wa wiki ya 3 anakula chakula kilichoandikwa growa kumbe kimeshaanza kuelekea kwenye finisha. Dawa yake sio kuacha muhogo, toa kama kilo 3 na nusu za muhogo weka mashudu ya soya, protini inarudi karibu 20 na nishati inashuka kidogo sana. Na muhogo ni maskini wa methionini kwa hiyo dagaa usiwatoe kwenye huo mchanganyiko. Muhogo mchungu ukaushwe barabara, sumu yake mnaijua.

Kifaranga mdogo usimpe

Wiki ya kwanza na hata siku 10 za mwanzo mimi sishauri kuongeza mawese. Kifaranga akianguliwa ana kiini cha yai tumboni kinamlisha siku chache za mwanzo, na kiini hicho kina mafuta mengi, watu wanasema basi si ameshazoea mafuta. Ila yale yanafyonzwa kwa njia yake. Mafuta ya kwenye chakula yanahitaji nyongo ya kuyavunjavunja na vimeng'enya vya kongosho, na kwa kifaranga vyote viwili bado ni vichache, uwezo unapanda taratibu mpaka wiki ya 2 au ya 3 ndio anakaa sawa. Mafuta asiyoweza kuyameng'enya yanatoka, kinyesi kinakuwa cha kunata, takataka za chini zinalowa, na hapo ndipo unapowasikia wale wanaosema mawese yanaharisha. Wameona kitu cha kweli, tatizo lilikuwa umri.

Na mawese hasa ni magumu zaidi kwa kifaranga kuliko mafuta ya alizeti au soya. Karibu nusu ya mawese ni mafuta yale yanayoganda, ndio maana asubuhi za Juni na Julai ukiamka unakuta dumu limeganda, na aina hiyo ya mafuta inafyonzwa kwa shida tumboni kuliko mafuta yanayobaki maji. Kinachosaidia ni kuchanganya. Mafuta ya maji maji yakiwepo yanayasaidia yale mazito kufyonzwa, kwa hiyo mawese pamoja na soya ya kukaanga yanafanya kazi vizuri kuliko mawese peke yake. Soya nzima iliyokaangwa ina mafuta kama asilimia 18 hadi 20 na protini 36 hivi, kilo 10 za soya ya namna hiyo zinakuingizia karibu kilo 2 za mafuta mazuri huku protini ikiwemo humo humo. Kwangu mimi hii ndio njia bora kabisa ya kupandisha nishati kwa mfugaji mdogo, ila ikaangwe iive, soya mbichi ina kizuizi kinachozuia protini isimeng'enywe na kuku watadumaa. Hata mashudu ya alizeti ya mashine ndogo za kukamua yana mafuta yamebaki, ingawa yakija na maganda yake nyuzinyuzi ni nyingi, usiyajaze.

Kitu kingine kwenye mawese ni chokaa. Yale mafuta yanayoganda yakikutana na chokaa nyingi tumboni yanashikana yanakuwa sabuni isiyoyeyuka, ni kama ile kazi ya sabuni za mawese wanayofanya kina mama, tofauti ni kwamba hii inafanyikia ndani ya utumbo na kuku anakosa vyote viwili, mafuta na chokaa. Kwa hiyo anayeweka mawese halafu anamwaga chokaa kwa kukisia anajiharibia mara mbili. Pima chokaa.

Mawese yapi sasa

Sio kila mawese yanafaa na hapa Kigoma tuna bahati ya kuyajua yanakotoka. Mikungu inakatwa, inarundikwa siku kadhaa ili chikichi zipukutike kirahisi, halafu zinachemshwa kwenye pipa, zinapondwa au zinaenda kwenye mashine, na mafuta yanachemshwa tena kutoa maji. Zile siku za kurundika ndizo zinazoamua ubora. Chikichi ikishachubuka kuna kimeng'enya ndani yake kinaanza kuyavunja mafuta na kuachanisha asidi zake, na kazi hiyo haisimami mpaka ichemshwe. Rundo likikaa sana mafuta yanakuwa na asidi nyingi, na mafuta ya aina hiyo kuku anayatumia vibaya zaidi, zile 7,700 nilizosema huzipati. Tangu kampeni ya kufufua michikichi ilivyoanza mwaka 2018, miche ya Tenera, ile aina chotara ya mchikichi, kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga imesambaa na mafuta kwa mkungu yameongezeka, ila mche mzuri hausaidii kama chikichi zimeozea kwenye rundo.

Kupima bila maabara, fanya hivi. Chukua kidogo weka kwenye sufuria ndogo pasha moto, yakianza kutoa mlio wa pa pa pa na kurusharusha ujue yana maji ndani, na maji hayo umeyanunua kwa bei ya mafuta na yatakuozeshea chakula. Onja tone, yakikwangua koo au yana harufu kali ya rangi iliyokauka, hayo yameshaharibika. Angalia chini ya dumu, tope likiwa vidole viwili muachie anayetengeneza sabuni. Mafuta yaliyotumika kukaangia chips siyataki kwenye chakula cha kuku kabisa, yakipikwa tena na tena yanajenga vitu vyenye sumu na nguvu yake inashuka, hata kama unapewa bure.

Rangi isikudanganye. Wekundu wa mawese ni karotini na kuku anaweza kuigeuza sehemu yake kuwa vitamini A, hiyo ni faida ya kweli. Lakini ile njano ya ngozi na miguu ambayo wateja wengine wanaipenda inaletwa zaidi na rangi za mahindi ya njano na majani mabichi, sio wekundu wa mawese.

Kuhusu kiasi, baada ya siku 10 unaweza kuanza na kilo 1 kwa 100, growa kilo 2 hadi 3, finisha 3 hadi 4. Zaidi ya 5 kwenye chakula cha unga sioni sababu. Na mkumbuke mafuta yananunuliwa kwa lita ila hesabu ni kwa kilo, lita moja ya mawese ni kama gramu 900, kidumu cha lita 5 ni kilo 4 na nusu, dumu la lita 20 ni kilo 18.

Kuchanganya ndio wengi wanaharibu. Wanamimina juu ya rundo wanageuza na koleo, matokeo yake ni mabonge, kuku wanadonoa mabonge wengine wanapata unga mkavu. Kuna dada mmoja namfahamu anafanya vizuri sana, anapasha mawese yayeyuke tu yawe ya uvuguvugu, hayachemki, anachukua kama kilo 10 za paraza, yaani mahindi yaliyobarazwa, kati ya zile 100 anazitandaza kwenye turubai, anamwagia mafuta kidogokidogo huku mkono mwingine unafikicha, anafikicha mpaka ukikamata konzi ukaachia inasambaa haibaki bonge, anachekecha, kinachobaki juu ya chekeche anakifikicha upya, ndio anachanganya na rundo zima. Premiksi anaiweka mwisho, mafuta yakiwa yameshapoa, maana vitamini na joto haviendani. Inamchukua muda lakini chakula chake ni kimoja toka juu ya gunia mpaka chini.

Halafu usichanganye cha mwezi mzima. Mafuta kwenye unga yametandazwa hewani, joto la huku likiongezeka yanachacha haraka, na yakichacha yanaua vitamini E na A zilizoko kwenye chakula kizima. Vifaranga wakikosa vitamini E ubongo unaathirika, unawaona wanapinda shingo, wanaanguka, wanapiga miguu hewani, na mtu moja kwa moja anasema kideri. Inaweza kuwa kideri kweli, ita mtaalam wa mifugo aangalie, ila na wewe nusa chakula chako. Tengeneza cha wiki moja, zikizidi mbili, weka kivulini gunia limefungwa. Hili liko hata kwa wasioweka mawese, pumba za mpunga zina mafuta mengi ya asili na zinachacha upesi kuliko vitu vingi.

Kuna msimu ambao mafuta nayaunga mkono hata kama hesabu ya bei inabana, nao ni joto la Septemba na Oktoba kabla mvua hazijashika. Kuku akimeng'enya chakula mwili unatoa joto, protini inatoa joto jingi kuliko vyote, wanga unafuata, mafuta ni kidogo kabisa. Kuku anayehema mdomo wazi saa nane mchana hali chakula, na hicho kidogo anachokula asubuhi na jioni kikiwa na mafuta kiasi kinambebea nishati bila kumuongezea joto sana. Kilo 2 au 3 kwa 100 kipindi hicho zina kazi, ila maji ya baridi na hewa bandani vinatangulia. Kwa vifaranga ni kinyume chake, wakipigwa na baridi usiku wanachoma chakula kujipasha, na hapo bruda, ile sehemu ya kuwapashia joto, yenye nyuzi joto 32 hivi wiki ya kwanza inaokoa nishati nyingi kuliko mafuta yoyote.

Tumalizie na bei maana ndio inaamua. Gawanya 7,700 kwa 3,350 unapata 2.3. Maana yake, ukiyaangalia mawese kama chanzo cha nishati tu badala ya mahindi, yanakulipa pale ambapo kilo yake haizidi mara 2.3 ya bei ya kilo ya mahindi. Mahindi yakiwa 800, kilo ya mawese isizidi 1,840, na sote tunajua sokoni hupati mawese kwa hela hiyo. Kwa hiyo ukiwa na mahindi ya kutosha kwenye mchanganyiko, mafuta ya kuziba pengo la mahindi ni hasara. Yanachofanya ambacho mahindi hayawezi ni kukuvusha pale mahindi na soya vinapogota, ile 2,900 hivi, kwenda 3,000 na zaidi, na hapo unalipia kuku wanaowahi uzito na kula kidogo kwa kila kilo ya nyama. Kama kuku wako wanakula kilo 2 na nusu za chakula kwa kila kilo moja ya uzito hai, mawese hayajafikiwa bado, toa pumba, pima protini, angalia bruda. Ukishashuka chini ya 2, hapo chukua kidumu cha lita 5 ujaribu kwenye nusu ya banda, nusu nyingine waache na chakula kile kile bila mafuta, pima kuku 10 kila upande kila wiki na uandike kila upande umekula kilo ngapi.